Bibi Shamba wa maabara na udaktari wa aina mbili

Hata mkoba hajauweka chini. Ni saa moja na nusu asubuhi, maabara ya hospitali ndiyo kwanza imefunguliwa, taa ya katikati inapepesa kama haijaamua iwake au izimike, naye ameshavaa koti na glavu, mkoba unaning'inia begani juu ya koti, mkono uko kwenye mlango wa kabati la joto.

Anatoa sahani ndogo ya plastiki yenye mfuniko. Anaiinua dirishani, anaigeuza huku, anaigeuza kule.

"Wameota!" anasema kwa sauti ya mtu aliyeshinda kitu. "Jamani, njooni muone, wameota hao!"

Hakuna anayeinuka. "Kila siku wanaota," anajibu mwenzake mmoja, jicho likiwa kwenye darubini. "Siku wakigoma ndiyo utuite."

Walioota si mchicha wala nyanya. Ni bakteria. Usaha wa kidonda cha mgonjwa hupakwa kwenye sahani yenye chakula wanachokipenda, sahani hulazwa kabatini kwenye joto, na asubuhi wadudu ambao jana hawakuonekana wanakuwa wamejaa pale kama ukungu kwenye mkate. Baada ya hapo hupandikizwa upya, na juu yao huwekwa vipande vidogo vya karatasi vya mviringo, kila kimoja na dawa yake. Dawa inayofanya kazi huacha duara safi kuzunguka karatasi. Dawa iliyoshindwa, wadudu humea mpaka kwenye ukingo wake bila wasiwasi wowote.

Majibu hupelekwa wodini ili daktari ajue ampe mgonjwa dawa gani. Ndiyo kazi yake kwa mwaka wa tisa sasa. Kwa sababu ya huko kuotesha, na kwa sababu ya kelele anazopiga wakiota, mkuu wa maabara alimpachika jina la Bibi Shamba, nalo likamkaa. Hata wauguzi wakipiga simu huuliza, "Bibi Shamba, mavuno yetu tayari?"

Ana umri wa miaka thelathini na mmoja, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka na kicheko kinachomtangulia mlangoni. Wiki ambayo mwandishi wa makala haya alimtembelea, kicheko kilikuwa kimezidi kipimo. Alikuwa akicheka akinawa mikono, akicheka akiandika namba kwenye chupa, na akiulizwa ana nini anasema, "Nina furaha mpaka tumbo linaniuma, kweli naumwa."

Sababu ni hii. Wiki iliyotangulia hiyo alipata habari mbili kwa siku mbili zilizofuatana. Ya kwanza, amekubaliwa kusomea udaktari wa binadamu, ule ambao amekuwa akiuomba na kuukosa tangu alipomaliza sekondari. Ya pili, taasisi moja ya utafiti imempa nafasi ya shahada ya uzamivu, achunguze namna bakteria sugu wanavyohama kutoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine ndani ya wodi.

Nafasi zote mbili zilitaka jibu kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Na huwezi kushika zote.

"Miaka yote nagonga mlango mmoja haufunguki," anasema, akifunga mfuniko wa sahani. "Sasa imefunguka miwili kwa mpigo, mimi nimesimama katikati kama mwizi. Niambie wewe, nikimbilie upi?"

Alimuuliza mwandishi, mtu asiyefaa kuulizwa. Baiolojia ilimshinda tangu kidato cha pili. Mhariri alikuwa amemtuma kwa siku moja, lakini baada ya kusikia habari ya Ijumaa ilikuwa haiwezekani kurudi ofisini bila kujua mwisho wake, kwa hiyo akakaa wiki nzima.

*

Ili kuelewa uzito wa jambo hili inabidi umfahamu mama yake, ambaye mtaani anaitwa Fundi. Cherehani yake iko sebuleni, karibu na mlango, na mteja akiingia lazima aruke vitambaa. Ni mwanamke mnene, mchangamfu, anayeongea na pini mdomoni bila kumeza hata moja.

"Mimi nilishasema zamani," anasema Fundi, akizitema pini mkononi. "Huyu ni daktari. Wakisema hapana, mimi nasema wamekosea kusoma jina."

Baba alifariki binti yao akiwa darasa la sita. Aliumia mguu kazini, jeraha lenyewe dogo tu, likagoma kupona. Alibadilishiwa dawa mara tatu. Homa ikapanda, na wiki ya nne akafariki. Baada ya msiba, binti alimwambia mama yake kwamba atakuwa daktari, na mama akaichukua kauli hiyo na kuishikilia kuliko aliyeitamka.

Alipomaliza sekondari alikosa nafasi kwa pointi moja. Akachukua stashahada ya maabara, "nipite hapa kwanza nikiwa njiani." Akaajiriwa. Akasoma shahada ya kwanza jioni, kisha uzamili, huku kila mwaka akipeleka maombi ya udaktari na kila mwaka akirudishiwa majibu yale yale. Fundi naye alikuwa ameshawaambia majirani. Siku hizi wanakuja na vipele vyao mpaka sebuleni, wanasema wanamsubiri daktari atoke kazini. Binti huwaambia waende hospitali, nao huenda zao wakimsifu kwa unyenyekevu.

Kwa upande wa fedha, njia zote mbili zina maumivu. Udaktari ni miaka mitano na mmoja wa mazoezi, bila mshahara, na mkopo wa masomo haujulikani utatoka au hautatoka. Uzamivu ni miaka minne, una posho ambayo ni kama theluthi mbili ya anachopata sasa. Fundi hataki kusikia hesabu hizo. "Nitashona," anasema. "Watu hawajaacha kuvaa."

Tatizo liko kwenye jina. Lugha yetu imewapa watu wawili neno moja. Yule anayekuchoma sindano ni daktari, na yule aliyeandika kitabu kinene kuhusu mbu naye ni daktari, na wote wawili hukasirika ukisahau kuwaita hivyo. Fundi anamtambua mmoja tu.

"Daktari gani huyo asiyetibu?" anauliza. "Nikiumwa usiku nimwite aje kunisomea?"

*

Jumanne asubuhi simu ya maabara ikalia. Alikuwa mlinzi wa getini.

"Bibi Shamba, kuna mzee hapa ametoka safari. Anasema ni babu yako. Anasema nisikuruhusu kutoka maana unataka kutoroka na meli."

"Meli?"

"Ndivyo anavyosema. Na sisi hapa hatuna meli."

Akashuka ngazi mbio, mwandishi nyuma yake. Babu, mzazi wa Fundi, alikuwa amekaa kwenye benchi la walinzi, kofia magotini, begi dogo miguuni. Ana miaka sabini na minane na alikuwa amepanda basi la kwanza bila kumwambia mtu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Pasipoti iko wapi?"

"Pasipoti ya nini, Babu?"

"Usinizungushe. Mama yako amenipigia simu. Amesema umepata udaktari, nikafurahi. Halafu akasema, 'Na pia amepata nafasi ya uzamivu.' Tena anacheka! Mimi nikakata simu, nikatafuta viatu."

Ilichukua muda kidogo watu waliosimama pale kuelewa, na mlinzi ndiye aliyeelewa wa kwanza, akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Mzee alikuwa amesikia kuzamia. Alidhani mjukuu wake amepatiwa nafasi ya kujificha kwenye meli aende ng'ambo bila karatasi.

Bibi Shamba alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaona uso wa babu yake, kicheko kikakatika, akamshika mkono.

Babu hakuwa anacheka, na alikuwa na haki. Mwanawe wa kiume, mjomba wa Bibi Shamba, alizamia kweli. Aliaga kwamba anakwenda bandarini kutafuta kibarua, kijana wa miaka ishirini na miwili. Ikaja kadi moja yenye picha ya daraja. Haikuja nyingine.

"Mtu akifa unajua amekufa," Babu alisema kantini, baada ya chai kumtuliza. "Huyu mimi simjui alipo. Halafu nasikia na wewe! Nikajiuliza, watu wa nyumba hii wana nini na meli?"

"Babu, sikiliza. Uzamivu si kuzamia. Ni kusoma. Unachukua swali moja, unazama nalo mpaka ulifikie chini."

"Miaka mingapi?"

"Minne."

"Minne kwa swali moja?"

"Moja tu."

"Ukilijibu mwaka wa kwanza je?"

"Linazaa jingine."

Babu akatikisa kichwa. "Hiyo siyo shule. Hiyo ni kesi ya ardhi."

"Lakini Babu, fikiria! Wewe ndiye wa kwanza kufika. Hakuna aliyewahi kufika pale. Unaona kitu, na dunia nzima wakati huo anayekijua ni wewe peke yako!" Alikuwa ameinua mikono yote miwili, chai ikamwagika.

"Na huko chini kuna hewa?" Babu aliuliza.

"Kuna posho."

"Nyingi?"

"Ya kutokufa."

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. Lakini alipoulizwa yeye anaonaje, alisema bila kuzunguka kwamba mjukuu wake achague udaktari wa sindano, maana wodi ina mlango na yeye anajua pa kusimama akimsubiri.

*

Daktari wa wodi ya watoto ndiye aliyependekeza aende akaonje. Ni mwanamume wa makamo mwenye sauti ya chini, na amefanya kazi na Bibi Shamba kwa simu miaka mingi kuliko ana kwa ana.

"Wewe unatujua kwa chupa tu," alimwambia. "Njoo Jumatano uzunguke na mimi. Uone unachokiomba."

Akaenda. Na kwa nusu saa ya kwanza, yeyote aliyemwona angeapa kwamba mambo yamekwisha. Aliinama kwenye kila kitanda. Aliuliza majina. Daktari alimpa stetoskopu asikilize kifua cha mtoto mmoja, akasikiliza, macho yakamtoka. "Inapiga filimbi!" alinong'ona. "Mapafu yanapiga filimbi!"

Kwenye kitanda cha tano alikuwepo msichana wa miaka saba aliyeungua mguu kwa maji moto, mdomo haufungi.

"Wewe ndiye daktari?" msichana alimuuliza.

"Bado."

"Utakuwa lini?"

"Ijumaa nitajua."

"Ukishakuwa, uje wewe unitoe hii bandeji. Huyu mkono wake mzito." Alimwonyesha daktari kwa kidevu, na daktari akakubali kwamba ndiyo, mkono wake mzito.

Bibi Shamba aligeukia dirishani kidogo. "Pale nilitaka kubaki," alisema baadaye. "Sifichi. Kule maabara hakuna anayeniomba nije mimi. Wanaomba majibu."

Alipotoka wodini alimpigia mama yake hapo hapo koridoni. "Mama, nadhani ni udaktari." Vigelegele vya Fundi vilisikika kwenye simu mpaka kwa mwandishi aliyesimama hatua kadhaa pembeni. Kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulikuwa na habari.

Ila kuna jambo moja hakumwambia mama. Kabla hajatoka, alikuwa amerudi kwenye vitanda vitatu vya ukutani. Watoto wa pale, msichana wa mguu akiwemo, vidonda vyao vilikuwa vinachelewa kupona, na yeye mwenyewe ndiye aliyewaotesha wadudu wao. Alikumbuka. Ni mdudu yule yule sugu, kwa watoto watatu, upande mmoja wa chumba. Akatazama ukuta. Pale ukutani palikuwa na sinki, bomba lake linavuja tone tone, maji yanaruka kidogo.

"Ni sinki," alimwambia daktari, sauti imepanda. "Daktari, ni sinki! Naomba nilichukulie sampuli!"

Muuguzi mkuu wa wodi akaruhusu. Bibi Shamba akapitisha kijiti chenye pamba kwenye mdomo wa bomba, kwenye tundu la kutolea maji, kwenye ukingo. Daktari alimtazama huku amekunja mikono.

"Nimekuleta uone wagonjwa," alisema. "Wewe umeona sinki."

*

Alhamisi asubuhi aliingia maabara kabla ya mfagizi. Chakula alichotumia safari hii ni kile kinachomfanya mdudu yule aote kwa rangi ya zambarau, kwa hiyo hakuna cha kubahatisha. Ukiona zambarau, umempata.

Akafungua kabati. Akatoa sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akazipanga dirishani. Mwandishi alikuwa ameshaandaa kalamu kuandika jinsi mtaalamu huyu alivyofumua siri ya wodi, na kichwa cha habari alikuwa nacho tayari.

Hakukuwa na zambarau hata moja. Walikuwepo wadudu wa kawaida, weupe na wa manjano, wale wanaokaa kwenye sinki lolote la nyumba yoyote. Yule wanayemtafuta hayupo.

 Bibi Shamba aliinama, akatazama tena sahani moja moja kwa pembeni. Mwandishi akajiandaa kumpa pole.

"Siyo sinki!" alipiga kelele, na akaruka, akaruka kweli kweli, miguu ikaacha sakafu. "Nimekosea! Siyo sinki kabisa! Sasa ni nini? Jamani, ni nini? Watoto watatu, ukuta mmoja, na sinki halina kosa! Ni toroli la bandeji? Ni mikono? Ni mapazia?"

Safari hii mwenzake aliinua jicho kutoka kwenye darubini. "Umekosea na unaruka?"

"Eh! Kwani huoni? Jana lilikuwa swali dogo. Leo limekuwa kubwa!"

Akaenda wodini akiwa na sahani zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, mwandishi akimkimbilia. Daktari wa watoto alikuwa anaandika. Akasikiliza habari yote, ya sinki, ya mapazia, ya toroli, mpaka Bibi Shamba alipokata pumzi.

"Kaa," daktari alimwambia. Akakaa. "Mimi nikikosea, siku hiyo silali. Naona uso wa mtoto. Ndivyo nilivyo, na ndivyo daktari wa wodini anavyopaswa kuwa. Wewe umekosea tangu jana na hujawahi kuwa na furaha kama leo. Unajisikia unavyoongea?"

Bibi Shamba aliutazama mfuko wa sahani mapajani.

"Ungekuwa daktari mzuri. Sitaki udhani nakukataza, na huyu wa kitanda cha tano angefurahi. Lakini kila asubuhi ungekuwa unazunguka na mimi na macho yako yako ukutani." Akarudi kwenye maandishi yake. "Nenda kazamie, bwana."

Maneno ya Babu yalikuwa yameshafika wodini. Hospitali haina siri.

Alitoka pale akakaa kwenye ngazi za nyuma, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akalia. Alilia akicheka, akipangusa pua kwa kiganja. Aliposema, alisema kwa kasi. "Najua sasa. Najua! Nimejua tangu pale kabatini. Lakini Mama ameshapiga vigelegele. Nitamwambiaje Mama?"

*

Ijumaa aliomba ruhusa ya mchana. Alipofika nyumbani, mwandishi nyuma yake, cherehani ilikuwa inanguruma, na Babu, ambaye hajarudi kwake akisema hana imani na mtu mpaka jambo liishe, alikuwa amekaa kwenye kochi akinyoosha uzi.

Fundi hakungoja salamu. Alisimama na kukunjua kitu mbele yake kwa mikono yote miwili. Koti jeupe, refu, mishono iliyopigwa pasi mpaka inakata. Juu ya mfuko wa kifua, kwa uzi wa bluu, alikuwa ametarizi herufi tatu na nukta: Dkt.

"Nimemaliza jana," alisema. "Livae."

Binti hakulivaa. "Mama, kaa kwanza."

"Nikae nini? Livae."

"Mama. Nimebadilisha."

Babu akaacha uzi. Fundi akabaki ameshika koti hewani.

"Nachukua uzamivu," binti akasema. Na kwa kuwa alikuwa ameshaanza hakuweza kusimama, akaeleza sinki, akaeleza zambarau, akaeleza watoto watatu na ukuta. Sauti ilianza kwa hofu lakini alipofika kwenye mapazia ilikuwa imeshapanda, mikono imeshainuka, na uso unang'aa vile vile kama ulivyong'aa kule maabara.

Fundi alikaa. Akaliweka koti magotini.

"Ulisema utakuwa daktari," alisema polepole. "Siku tumetoka kumzika baba yako. Mimi sikukuambia. Ni wewe."

"Ni mimi."

"Tulihangaika na mguu ule, tukatafuta daktari..."

"Daktari tulimpata, Mama." Akapiga magoti mbele ya cherehani, akashika mikono ya mama yake juu ya koti. "Alikuwepo. Wewe mwenyewe husema alikuwa mzuri, alikuwa anakuja mpaka Jumapili. Alibadilisha dawa mara tatu kwa sababu hakujua yule mdudu ni nani, wala katokea wapi. Hakuna aliyemwambia. Mama, mimi ndiye nataka kumwambia."

Mtaani palikuwa na kelele za kawaida, mtu anauza ndala, mtoto analia.  Baadaye Fundi alimweleza mwandishi, bila kupamba, kwamba pale aliumia. "Iliniuma sana. Nilitaka nilirarue lile koti. Halafu nikamtazama usoni. Ule uso sikuwa nimeuona tangu baba yake yuko hai."

Alichofanya ni kuinua koti na kulitazama kwa jicho la fundi.

"Huko kwa wazamivu wanavaa koti?"

"Wanavaa, Mama. Jeupe."

"Ukimaliza wanakuitaje?"

"Daktari."

"Na yule wa wodini anaitwaje?"

"Daktari."

"Wanaandika vipi?"

"Hivyo hivyo. De, ka, te, nukta."

Fundi akafikiri. "Kwa hiyo majirani hawatajua?"

"Hawatajua mpaka mtu aumwe."

Babu alikohoa kicheko. Fundi alijitahidi kubaki amenuna, midomo ikamsaliti, akampiga binti yake kofi la begani ambalo halikuwa kofi. "Basi sifumui," alisema. "Uzi wangu mzuri huu. Sifumui."

Ilikuwa saa tisa na dakika chache. Bibi Shamba alitoa simu, akafungua ujumbe kwa taasisi aliokuwa ameuandika tangu jana usiku na kuuacha, akausoma kwa sauti ili wote wasikie, kisha akaubonyeza ukaenda. Halafu akaandika mwingine, mfupi, wa kuikataa nafasi aliyoiomba kwa zaidi ya miaka kumi, na huo aliubonyeza akiwa amefumba macho.

"Basi," alisema. Akafumbua. "Basi! Imekwenda!"

Anaanza mwezi ujao. Mpango wake anao kichwani na anausimulia hata asipoulizwa: wodi ile ile ya watoto, kuanzia toroli la bandeji, kisha mapazia, kisha mikono ya kila anayeingia, ya daktari ikiwemo. Anataka, siku moja, mtoto akilazwa na kidonda, aondoke na kidonda hicho hicho tu, bila kuongezewa kingine na kitanda cha jirani. Na amemwahidi msichana wa kitanda cha tano kwamba atakwenda siku ya bandeji, asimame tu pembeni amshike mkono.

Fundi alikuwa amelirudisha koti kwenye cherehani, anapunguza urefu wa mikono. "Mtu wa maabara mikono mirefu ya nini," alikuwa anasema peke yake. Babu alivuta kiti karibu. Alilitazama koti kwa muda mrefu, akagusa upande wa ndani, kifuani, kwa kidole.

"Mtie na mfuko hapa," alimwambia Fundi.

"Wa nini tena, Baba?"

"Wa simu. Huko anakozama nikipiga nataka asikie." Akamtazama mjukuu wake, macho yamejaa maji, mdomo unacheka. "Tena uushone vizuri, maji yasiingie."